Makaa yanatoka Ruvuma, mafundi wa boila watatoka wapi?

KATIKA karakana moja ya kuchomelea vyuma hapa Mfaranyaki, Manispaa ya Songea, yupo kijana aliyemaliza kidato cha nne ambaye tangu hapo anashinda akitengeneza mageti, fremu za madirisha na matela ya trekta. Baba yake, mkulima wa mahindi, amenisimamisha zaidi ya mara moja kuniuliza jambo lile lile. Mahindi yameuzwa, ada ya mwaka wa kwanza ipo. Je, ampeleke kijana akasomee mitambo ya mvuke, kwa kuwa kila siku tunaambiwa makaa ya mawe ya Ruvuma yatawasha umeme na kuleta viwanda? Au ni kutupa fedha?

Mzee huyu amesikia kwamba Wajerumani ndio mabingwa wa kazi hiyo, na kwamba mhandisi wa boila wa huko anaweza kufanya kazi miaka 40 akistaafu na heshima yake. Kuhusu ubingwa hajakosea. Kuhusu miaka 40 yapo ya kusema, na ndiyo sababu nimeona suala lake lijibiwe hapa gazetini kuliko kando ya barabara, maana wazazi wenye swali kama lake ni wengi.

Tuanze na makaa yenyewe. Mgodi wa Ngaka, katika kijiji cha Ntunduwaro wilayani Mbinga, ulianza uzalishaji mwaka 2011 chini ya kampuni ya TANCOAL, ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lina hisa ndani yake. Tangu mwanzo ilisemwa kwamba pamoja na kuchimba, pangejengwa kituo cha kufua umeme pale pale. Ikatajwa megawati 120, baadaye zikatajwa nyingi zaidi. Makaa yamechimbwa kweli, lakini kituo hakijajengwa. Huko Mchuchuma, Ludewa, mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ulitiwa saini mwaka huo huo wa 2011 kwa matarajio ya megawati 600. Nako hakuna hata taa moja iliyowashwa kwa mkataba huo.

Makaa badala yake yamekuwa yakiondoka kwa malori. Baada ya Serikali kuzuia uagizaji wa makaa kutoka nje mwaka 2016, viwanda vya saruji vililazimika kugeukia ya nyumbani, kikiwamo kile cha Dangote kule Mtwara. Ilipozuka vita ya Ukraine mwaka 2022 na bei ya nishati duniani kupaa, meli zikapakia makaa ya Ruvuma bandarini Mtwara kwenda India na hata Ulaya. Kutoka Songea hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 600 za barabara, na bado biashara ililipa.

Umeme wa Songea umekuja kwa njia nyingine kabisa. Kwa miaka mingi mji huu ulitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, na kila mwenye mashine ya kusaga hapa Mfaranyaki anakumbuka mgawo ulivyokuwa. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole waliwasha mtambo wa maji wa megawati 5 huko Tulila, kwenye Mto Ruvuma, wakawa wanaiuzia TANESCO. Mwaka 2018 ikafika laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, na mkoa ukaingia kwenye gridi ya Taifa. Kwa hiyo mkoa wenye makaa umepata mwanga kutokana na maji ya masista na nguzo za Waswidi. Sisemi hivyo kwa kejeli. Nasema ili mzazi anayepanga ada ajue kwamba makaa kuwepo ardhini si sawa na ajira kuwepo mezani.

Sasa boila ni nini hasa? Ni sufuria iliyofungwa. Maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutanuka zaidi ya mara 1,600. Ukiyanyima nafasi ya kutanuka, yanasukuma, na msukumo huo ndio unaozungusha mtambo unaofua umeme. Katika vituo vikubwa vya kisasa maji hayako kwenye pipa bali ndani ya mabomba yaliyosimamishwa kuzunguka moto kama ukuta wa fito, mamia ya kilomita ya mabomba ukiyaunganisha. Mvuke unaotoka huko una joto la nyuzi kama 600 na msukumo unaozidi mara 100 ule wa tairi la gari dogo. Kila bomba limeunganishwa na jingine kwa kuchomelewa. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, tutalirudia.

Wajerumani waliingiaje? Jina la kuanza nalo ni Wilhelm Schmidt, aliyezaliwa mwaka 1858. Huyu hakuanzia kwenye vitabu. Alijifunza kazi ya vyuma kama vijana wa karakana zetu. Alichokiona ni kwamba mvuke unaotoka tu kwenye maji una unyevu, ukifika ndani ya injini unapoa na kurudi kuwa matone, na nguvu inapotea. Akaupitisha tena motoni ndani ya mabomba membamba mpaka ufike nyuzi 350 hivi, ukawa mkavu kabisa. Mwaka 1898 reli za Prussia zilitoa treni za kwanza zenye mvuke wa namna hiyo, na zikala makaa na maji kidogo kuliko wenzake. Makampuni ya reli ya nchi nyingi yakafuata. Schmidt aliendelea na boila za msukumo mkubwa hadi alipofariki mwaka 1924. Hakuna kituo kikubwa cha makaa leo kisichotumia wazo lile la kuukausha mvuke.

Hapa kwetu Wajerumani waliofanya kazi ya boila ikabaki kwenye kumbukumbu ni watatu: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Walitumwa na kiwanda cha meli cha Meyer cha Papenburg kuja kuunganisha meli Graf von Goetzen pale Kigoma. Meli hiyo ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikashushwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye reli. Ilishushwa ziwani mwaka 1915, vita vikiwa vimeshaanza. Mwaka 1916 Wajerumani walipolazimika kuikimbia Kigoma waliamua kuizamisha wenyewe, lakini kwanza mitambo ikapakwa grisi nzito kila mahali, kwa matumaini ya kuirudia siku moja. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta injini na boila bado zinafaa kazi. Ikarudi majini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na iliendeshwa kwa mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipowekewa injini za dizeli.

Nimeikumbuka habari hii ya grisi kwa sababu ndiyo inayotofautisha fundi na mwendeshaji tu. Mwendeshaji anajua kuwasha. Fundi anajua chuma kitakuwa katika hali gani baada ya miaka minane chini ya maji.

Tuje kwenye swali la miaka 40. Chukua mhandisi wa Kijerumani aliyeingia kazini katikati ya miaka ya 1970, baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973 na nchi yake kuyarudia makaa kwa nguvu. Alikuwa na pa kujifunzia: chuo cha wafanyakazi wa vituo vya umeme kilifunguliwa Essen mwaka 1957 mahsusi kwa kazi hiyo. Mwaka 1983 ilikuja sheria ya kusafisha moshi, naye akawa na kazi miaka kadhaa ya kufunga mitambo ya kuondoa salfa. Mwaka 1990 Ujerumani mbili zikaungana, vituo vikuukuu vya mashariki vikabomolewa na kujengwa vipya kama kile cha Schwarze Pumpe. Hapo ndipo boila za Kijerumani zilifikia kilele.

Mwaka 2002 Babcock Borsig ya Oberhausen, kampuni kubwa ya boila iliyotegemewa na maelfu ya watu, ikafilisika. Sehemu ya shughuli zake ikachukuliwa na Hitachi ya Japani. Mtu mwenye miaka 50, aliyejua kila bomba, akajikuta anafanya kazi chini ya mwajiri mpya, tena kwenye soko linalobana. Kati ya mwaka 2005 na 2010 kukawa na wimbi la mwisho la ujenzi. Kisha mwaka 2020 Bunge la Ujerumani likapitisha sheria ya kuachana na umeme wa makaa ifikapo mwaka 2038 kwa kuchelewa sana. Kituo cha Moorburg mjini Hamburg, kilichoanza kazi rasmi mwaka 2015, kilitolewa sokoni kabla hakijatimiza miaka 7. Vituo kadhaa viliitwa tena kazini mwaka 2022 gesi ya Urusi ilipokatika, lakini kwa muda tu.

Kwa hiyo aliyeingia mwaka 1975 alibahatika. Aliyeingia mwaka 2008 hatastaafu kwenye makaa nchini mwake. Hili ndilo jibu la kwanza kwa mzee wetu: kazi anayoisikia sifa zake ilikuwa ya kizazi fulani, na kizazi hicho kimeshachukua mafao yake.

Lakini hadithi haiishii hapo, na sehemu inayofuata ndiyo inayohusu karakana ya Mfaranyaki moja kwa moja.

Katika lile wimbi la mwisho, wahandisi wa Ujerumani waliamua kutumia aina mpya ya chuma iliyoitwa T24 kwa kuta za boila. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba mabomba membamba yangechomelewa bila kupashwa moto tena baadaye ili kulegeza mkazo ndani ya kiungo. Hiyo ni akiba kubwa ya muda, maana viungo ni maelfu kwa maelfu. Vituo vilipoanza kujaribiwa, vikiwamo vya Walsum na Boxberg, viungo vikapasuka na kuvuja. Ikabidi katika baadhi ya vituo ukuta mzima wa boila upashwe moto wa nyuzi 450 hadi 500 kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kazi. Kituo cha Datteln, kilichoanza kujengwa mwaka 2007, kiling'oa mabomba yale na kurudia chuma cha zamani, na hakikuanza kazi mpaka Mei 2020. Nchi yenye mafundi bora kuliko wote ilikwama miaka kwa sababu ya kiungo cha kuchomelea.

Afrika Kusini yaliwakuta vilevile, kwa njia nyingine. Boila za kituo cha Medupi, cha megawati 4,764, zilikabidhiwa kwa tawi la Ulaya la Hitachi, lile lile lenye mizizi Babcock. Wakaguzi walipopitia viungo wakakuta vingi havikufuata utaratibu, vingine havikupashwa moto inavyotakiwa, na kazi ikarudiwa. Kituo kilichokusudiwa kuanza mwanzoni mwa muongo huo kiliingiza mashine yake ya kwanza kibiashara mwaka 2015, na ya mwisho mwaka 2021. Wakati huo wananchi walikuwa gizani kwa zamu, na deni la Eskom likikua. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo migomo na usimamizi mbovu, lakini viungo vya mabomba vilikuwa miongoni mwa zile kubwa.

Mchomeleaji anayeweza kuunga bomba la msukumo mkubwa, kiungo chake kikapigwa eksirei na kupita, ni mtu adimu hata Ulaya. Na mtu huyo hahitaji makaa ili aishi. Bomba la gesi linamhitaji. Tangi la mafuta linamhitaji. Kiwanda cha sukari kinamhitaji kila msimu wa kufungwa kwa matengenezo.

Ukitazama hapa nchini, mvuke upo mahali pengi kuliko tunavyodhani, ila si pale tulipoahidiwa. Kiwira ilijengewa na Wachina kituo kidogo cha megawati 6 cha makaa mwishoni mwa miaka ya 1980, ambacho historia yake ya baadaye haifurahishi. Njombe, hatua chache kutoka kwetu kwa barabara ya Makambako, kampuni ya miwati ya TANWAT iliweka mtambo wa megawati 2.5 unaotumia kuni na mabaki ya miti, ikawa inaiuzia TANESCO ziada. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilijengwa miaka ya 1980 kikiwa na boila zake. Viwanda vya sukari vya TPC Moshi, Kilombero na Kagera huchoma mabaki ya miwa na kujifulia umeme. Hata Kinyerezi II jijini Dar es Salaam, kituo cha megawati 240 kilichozinduliwa mwaka 2018, kina boila: joto linalotoka kwenye mitambo ya gesi halitupwi, linachemsha maji na kufua umeme wa ziada. Boila hiyo haina moto wake yenyewe, lakini ina mabomba, viungo, maji ya kusafishwa na valvu kama nyingine yoyote.

Jirani zetu Kenya wameenda mbali zaidi. Olkaria, tangu mwaka 1981, wanatumia mvuke unaotoka ardhini moja kwa moja. Na pale walipotaka kujenga kituo cha makaa Lamu, cha megawati 1,050, baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni yake mwaka 2019. Kwa wanaosubiri Ngaka, hilo si jambo la kupuuza. Mkopeshaji wa kimataifa anayekubali kutia fedha kwenye kituo kipya cha makaa anazidi kuwa wa kutafuta kwa tochi. Nasi tangu mwaka 2024 tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, jambo linaloondoa haraka ya makaa. Mimi binafsi sioni Ngaka ikiwaka kwa ukubwa ulioahidiwa. Ninaweza kukosea, na wachimbaji watanisema, lakini sitamshauri mtu auze mahindi yake kwa kuitegemea.

Lipo jambo jingine ambalo kurasa hizi za wakulima haziwezi kulikwepa, nalo ni boila ndogo. Anayesindika maziwa, anayetengeneza sosi ya nyanya kwa wingi, anayekamua mafuta, hospitali inayochemsha vyombo na kufua mashuka, wote hao wanahitaji mvuke. Boila ya kununua ni ghali, hivyo mwenye mtaji mdogo hujaribiwa kumpelekea fundi pipa na kumwambia alifunge. Nimeliona pipa la namna hiyo kwa macho yangu, na sitasema wapi. Halikuwa na geji ya presha, na mahali pa valvu ya usalama palikuwa pamezibwa kwa boliti kwa sababu mvuke ulikuwa "unapotea". Maji yakipungua chini ya kiwango, chuma kinawiva. Ukiongeza maji ya baridi wakati huo, yanageuka mvuke kwa mpigo. Hapo hakuna wa kukimbia. Hatari nyingine inakuja polepole: maji yenye chumvi huacha ukoko ndani ya bomba kama ule wa chini ya sufuria ya wali, joto halipiti, chuma kinaungua kutoka nje huku mwenyewe akidhani kuni ndizo mbaya.

Wajerumani walijifunza hili kwa msiba. Januari 1865 boila ya kiwanda cha pombe mjini Mannheim ililipuka, na mwaka uliofuata wenye viwanda wa eneo hilo wakaunda chama cha kukaguliana boila kwa hiari. Kutokana na vyama vya aina hiyo ndiyo ikazaliwa TÜV, ambayo leo alama yake inaonekana kwenye bidhaa za kila namna. Hawakungoja Serikali, walichanga wenyewe wakaajiri mkaguzi, maana mwenye kiwanda alijua boila ya jirani ikilipuka ukuta wake pia utaanguka.

Sisi tunayo sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 inataka boila na vyombo vya msukumo vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na OSHA ndiyo wenye jukumu hilo. Lakini mkaguzi anafika kwenye kiwanda chenye bango. Pipa lililofungwa uani haliko kwenye orodha yake. Vikundi vya wasindikaji wa Songea, Mbinga na Namtumbo vingeweza kufanya walichofanya watu wa Mannheim: kuchangia fundi sanifu mmoja anayezunguka, anayepima chuma unene wake, anayejaribu chombo kwa maji ya baridi kabla ya moto, na kugonga mhuri. Gharama ikigawanywa haiwezi kuzidi ile ya mazishi.

Basi, kwa mzee wa Mfaranyaki. Ushauri wangu ni kwamba asimpeleke kijana akasomee makaa, bali kuchomelea, tena kwa ngazi ya juu kuliko mageti: mabomba, chuma cha pua, kusoma michoro, vyeti vinavyotambulika. Songea kipo chuo cha VETA, na Peramiho, ambako Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika mwaka 1898 na kuanzisha karakana zilizofundisha vizazi vya mafundi wa kusini, si mbali. Akitoka hapo kama fundi mchundo, atafute kiwanda chenye boila inayofanya kazi, hata kama ni Mgololo au Kilombero na mshahara wa mwanzo ni mdogo, akae misimu miwili ya matengenezo akiingia ndani ya tumbo la boila na tochi. Baada ya hapo akitaka stashahada au uhandisi, ataisoma akiwa anajua anasoma nini. Schmidt alipita njia inayofanana na hiyo.

Nilipompa maelezo haya wiki iliyopita mzee alinyamaza kidogo, akauliza kama hivyo vyeti vya kuunga mabomba vinapatikana hapa hapa Songea au ni mpaka Dar es Salaam, na nauli ikoje. Kijana alikuwa nyuma yake akiwa ameinua ngao ya uso, akaacha geti alilokuwa akiliunga na kuja kusikiliza.